Kisa cha Bosnia: Akiba Iliyooza na Noti za Washairi

Mnamo Januari 2024, shilingi yetu ilipopita 160 kwa dola moja ya Marekani, barazani petu hapakuwa na mazungumzo mengine. Mzee mmoja, aliyeanza ukarani bandarini siku za Mwingereza, alipiga bakora yake chini akasema kwamba mambo haya yasingetokea wakati wa Bodi ya Sarafu. "Siku hizo," alisema, "shilingi 20 zilikuwa pauni moja, leo, kesho na mtondogoo. Hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kuichezea."

Vijana walicheka. Mimi sikucheka, maana maneno yake yalinikumbusha noti moja ninayoiweka ndani ya mkebe wa biskuti, pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya wanangu. Ni noti ya marka 5 ya Bosnia. Nilipewa Makka, katika hija ya mwaka 2001, na mzee mmoja wa Sarajevo ambaye msafara wao ulishuka katika nyumba moja na wetu. Yeye alikuwa na Kiarabu cha madrasa, nami nina changu cha chuoni, basi tukaelewana kwa Kiarabu cha vitabu, tukisaidiwa na mikono.

Alinieleza kwamba katika ujana wake alikwenda Ujerumani kufanya kazi ya kiwandani. Kila mwezi alipeleka marka za Kijerumani kwao na kuziweka benki. Nia yake ilikuwa nyumba, kisha hija ya yeye na mkewe. Mwaka 1991 alikwenda benki kuchukua pesa zake, akaambiwa hazitoki. Vita vikaja. Mkewe alifariki katika vita hivyo, hakuiona Alkaaba. Yeye alifika kwa nauli ya mwanawe. Siku ya kuagana alinitia noti ile mkononi akasema, "Ile ya kwanza iliniozea. Hii bado ni nzima."

Wahenga wetu walisema akiba haiozi. Ama mimi tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza: ni nini kinachoozesha akiba ya mtu, na ni nini kinachoizuia isioze? Nchi nyingi zilizotoka katika ukomunisti zilibadilisha pesa zao, lakini sijui nyingine inayojibu swali hili wazi kama Bosnia. Tena ni nchi ambayo wengi wetu tuliiombea dua misikitini katika miaka ya vita, kisha tukaisahau pale bunduki ziliponyamaza.

MALI YA WOTE

Bosnia na Herzegovina ni nchi ndogo ya milima, kusini-mashariki mwa Ulaya. Dola ya Uthmaniya iliiteka mwaka 1463 na ikaitawala hadi mwaka 1878, na katika karne hizo ndipo Uislamu ulipoota mizizi huko. Baada ya Vita Vikuu vya Pili ikawa moja ya jamhuri 6 za Yugoslavia, chini ya Marshal Tito. Wakaaji wake wakubwa ni watu wa makundi matatu: Waislamu, ambao leo hujiita Waboshniaki, Waserbia ambao ni Wakristo wa Kiorthodoksi, na Wakroatia ambao ni Wakatoliki. Lugha wanayosemezana ni moja, ingawa kila kundi huipa jina lake.

Ukomunisti wa Tito haukuwa kama ule wa Urusi. Aligombana na Stalin mwaka 1948 akafuata njia yake mwenyewe. Viwanda havikuwa vya serikali wala vya tajiri. Viliitwa mali ya jamii, na mabaraza ya wafanyakazi ndiyo yaliyopewa usimamizi. Tena raia waliruhusiwa kutoka nje kutafuta kazi. Mwaka 1968 Yugoslavia ilifanya mkataba wa wafanyakazi na Ujerumani ya Magharibi, na watu kwa malaki wakaenda. Marka walizopeleka nyumbani waliziweka katika mabenki ya nchi yao, kwa hesabu za fedha za kigeni, kwa sababu dinari ya kwao ilikuwa ikishuka kila mwaka na marka haikushuka.

Lakini marka zile hazikukaa kabatini kumngoja mwenyewe. Mabenki yalizipeleka Benki Kuu ya Yugoslavia mjini Belgrade, na serikali iliyojaa madeni ikazitumia. Mwenye akiba alibaki na kitabu cha benki kilichoandikwa vizuri, kikapigwa mhuri, na nyuma ya mhuri hapakuwa na kitu.

Mwaka 1989 bei za vitu zilipanda zaidi ya mara kumi kwa mwaka mmoja. Tarehe 1 Januari 1990, Waziri Mkuu Ante Marković alikata sifuri nne: dinari 10,000 za zamani zikawa dinari 1 mpya, na dinari 7 mpya zikawa sawa na marka 1 ya Ujerumani. Kwa miezi michache watu walipumua. Lakini mwisho wa mwaka huohuo wakuu wa jamhuri ya Serbia walijichukulia kwa siri mabilioni ya dinari kutoka mfumo wa Benki Kuu, bila ya idhini ya serikali ya Yugoslavia. Msomaji anaweza kuona kwamba nchi ile ilivunjika katika hazina yake kabla ya kuvunjika katika ramani. Mtu akishaona kwamba mwenzake ana ufunguo wa pili wa kasha la pamoja, hana haja tena ya kukaa naye.

SIGARA NA MARKA

Vita vya Bosnia vilianza Aprili 1992 vikaisha mwisho wa 1995. Waliokufa ni karibu watu 100,000. Mji wa Sarajevo ulizingirwa kwa karibu miaka minne. Mnamo Agosti 1992 maktaba kuu ya taifa ilipigwa mizinga ikaungua pamoja na vitabu vyake.

Katika mji uliozingirwa pesa zilikosa maana. Kiwanda cha tumbaku cha Sarajevo hakikufungwa, na sigara zake zikawa mshahara wa askari na wafanyakazi. Karatasi za pakiti zilipokwisha, zilifungwa kwa karatasi yoyote iliyopatikana, hata kurasa za vitabu vya zamani. Mtu asiyevuta sigara alizichukua vilevile, akaenda sokoni kubadilisha kwa unga au mafuta.

Nje ya mji, kila upande ulikuwa na pesa zake. Walipokaa Waislamu ilitumika dinari ya Bosnia. Walipokaa Wakroatia zilitumika pesa za Kroatia. Walipokaa Waserbia ilitumika dinari iliyofungamana na ile ya Belgrade. Na kila mahali, kwa kila kabila na kila dini, iliaminiwa marka ya Ujerumani. Watu waliokuwa wakiuana hawakuafikiana juu ya jambo lolote ila moja: pesa ya kuaminika ni ile isiyoweza kuchapishwa na yeyote miongoni mwao.

Na walikuwa na sababu. Mwisho wa mwaka 1993 Belgrade ilitoa noti ya dinari bilioni 500, yaani 5 yenye sifuri kumi na moja. Juu ya noti ile ilitiwa sura ya Jovan Jovanović Zmaj, tabibu na mshairi wa karne ya 19, ambaye mashairi yake ya watoto kila Mserbia ameyasoma shuleni. Mwezi wa Januari 1994 bei zilipanda kwa zaidi ya asilimia milioni 300 katika mwezi mmoja tu. Kitu cha leo kilikuwa maradufu ya bei kabla ya siku mbili kupita. Mshairi wa watu akawa sura ya karatasi isiyonunua hata kiberiti. Nakumbuka hapa kwamba katika Qurani iko sura nzima, Al-Mutaffifin, iliyoitwa kwa jina la wapunjaji wa vipimo. Sisi huwafikiria wauza mchele na wauza vitambaa. Lakini mtawala anayechapisha noti bila ya kitu nyuma yake anapunja kila kibaba cha kila soko kwa wakati mmoja.

SONARA NA CHETI CHAKE

Mkataba wa amani ulipangwa Dayton, Marekani, Novemba 1995, ukatiwa saini Paris tarehe 14 Desemba. Ndani yake mlikuwa na katiba ya nchi mpya, yenye sehemu mbili: Shirikisho la Waboshniaki na Wakroatia, na Republika Srpska ya Waserbia. Na ndani ya katiba hiyo, kifungu cha 7, mkawekwa sharti ambalo ni nadra kulikuta katika katiba za dunia: kwa miaka sita ya kwanza Benki Kuu haitakuwa na ruhusa ya kukopesha kwa kuchapisha pesa. Itaendeshwa kama bodi ya sarafu.

Maana yake ni nini? Chukua mfano wa sonara wa mtaani. Unampelekea dhahabu akuwekee, naye anakupa cheti. Ikiwa kila cheti alichotoa kina dhahabu yake kabatini, basi cheti chake ni sawa na dhahabu, na watu wataweza kulipana kwa vyeti bila hofu. Siku atakapoandika cheti kimoja cha ziada kumpa shemeji yake mwenye shida, ameanza kuwaibia wote. Bodi ya sarafu ni sonara aliyefungwa mikono. Kila marka ya Bosnia inayotoka lazima iwe na thamani yake katika akiba ya fedha za kigeni. Haikopeshi serikali, haikopeshi mabenki. Ukileta marka yako, unabadilishiwa kwa kiwango kilichoandikwa katika sheria.

Wazee wetu waliujua mpango huu. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1919, na Unguja ikaingia mwaka 1936. Shilingi yake ilisimama kwa sababu nyuma yake palikuwa na pauni zilizowekwa London. Bodi ile ilikwisha kazi mwaka 1966, Kenya, Uganda na Tanzania zilipoanza kutoa pesa zao wenyewe. Kwa hiyo mzee wetu wa barazani hakusema uongo. Lakini alisahau nusu ya habari, na hiyo nusu nitaifikia.

Bosnia walikwenda mbali zaidi ya Waingereza. Katiba iliamuru kwamba gavana wa kwanza ateuliwe na Shirika la Fedha la Kimataifa, na kwamba asiwe raia wa Bosnia wala wa nchi yoyote jirani. Wajumbe wengine wa halmashauri walikuwa watatu: Mboshniaki mmoja na Mkroatia mmoja wenye kura moja baina yao, na mmoja wa kutoka Republika Srpska. Wakilingana kwa kura, mgeni ndiye anayeamua. Benki ilifunguliwa tarehe 11 Agosti 1997. Gavana wa kwanza alikuwa Mfaransa, Serge Robert, akafuatwa na Peter Nicholl wa New Zealand. Mwenyeji wa kwanza kushika kiti kile, Kemal Kozarić, aliingia mwaka 2005.

Ni fedheha, msomaji atasema, taifa kuletewa mtu kutoka upande wa pili wa dunia amshikie mkoba. Nami nakubali. Lakini fedheha ile ilitokana na jambo la kweli: hapakuwa na mwenyeji ambaye majirani zake wote watatu wangemwachia kasha.

SURA ZA WASHAIRI

Jina la pesa lilipatikana: marka inayobadilishika, kwa kifupi KM, na marka 1 ya Bosnia ikawa sawa na marka 1 ya Ujerumani. Ukaja ugomvi wa picha. Mfalme yupi, shujaa yupi, msikiti au kanisa lipi? Shujaa wa huyu ni muuaji wa yule. Walishindwa kuafikiana, hata mapema mwaka 1998 Carlos Westendorp, Mhispania aliyekuwa Mwakilishi Mkuu wa mataifa, akakata shauri mwenyewe. Noti zikatoka tarehe 22 Juni 1998, na juu yake wakatiwa waandishi na washairi.

Na hata hao waligawanywa. Kila noti ilichapishwa aina mbili, moja ya Shirikisho na moja ya Republika Srpska, za ukubwa mmoja na thamani moja. Zote zina hati mbili, ya Kilatini na ya Kisiriliki, lakini hati inayotangulia hubadilika. Noti ya 10 ya Shirikisho ina Mak Dizdar, mshairi aliyeandika juu ya mawe ya makaburi ya kale ya Bosnia. Noti ya 50 ina Musa Ćazim Ćatić, aliyesoma elimu ya dini na kutunga mashairi yenye harufu ya Mashariki. Upande wa Waserbia noti ya 20 ina Filip Višnjić, kipofu aliyeimba tenzi za vita kwa zeze lake, mtu ambaye mwambao wetu ungemfahamu mara moja. Na noti ya 10 ina Aleksa Šantić wa Mostar. Huyu alikuwa Mserbia wa Kiorthodoksi, na shairi lake linalopendwa kuliko yote ni la binti wa imamu, aitwaye Emina. Limekuwa wimbo, na Waislamu wa Bosnia huuimba harusini kama wao.

Noti zote hutumika kila mahali. Muuza nyama wa Banja Luka humpokea Dizdar, na muuza mkate wa Sarajevo humpokea Šantić, kwa sababu marka ni marka. Ni noti mbili tu zilizobeba sura moja kwa pande zote. Ya 5 ilikuwa na Meša Selimović, ndiyo niliyo nayo mimi, na baadaye ikapisha sarafu ya chuma. Ya 200, iliyotolewa mwaka 2002, ina Ivo Andrić, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1961. Selimović alizaliwa Tuzla katika nyumba ya Kiislamu, mwenyewe akajihesabu katika fasihi ya Waserbia, na kitabu chake kikubwa cha mwaka 1966 ni kisa cha shekhe wa zawiya mjini Sarajevo ambaye nduguye amefungwa pasipo haki. Andrić alizaliwa katika familia ya Wakroatia karibu na Travnik, akaishi Belgrade, na Waislamu wengi hulalamika kwa jinsi alivyowaeleza vitabuni. Waliokubaliwa na pande zote ni wale wasiokuwa wa upande mmoja kamili.

Sisi Kenya tulichukua njia nyingine. Katiba ya mwaka 2010 ilikataza noti na sarafu kubeba picha ya mtu, na noti za mwaka 2019 zikatoka bila ya sura ya rais. Nchi iliyochoshwa na sura moja huziondoa zote. Nchi iliyogawanyika huzichapa mara mbili. Pengine siku moja tungeweza kubishana kama Muyaka anastahili noti, lakini huo ni ugomvi ambao ningeupokea kwa furaha kuliko wa kiwango cha dola.

PESA ZATOKA CHINI YA MAGODORO

Je, dawa ilifaa? Kwa upande wa pesa yenyewe, ilifaa sana. Zile pesa nyingine ziliondoka sokoni moja baada ya moja. Ofisi za malipo za enzi ya ukomunisti, ambazo kila kampuni ililazimika kupitishia hesabu zake, na ambazo wakati wa vita ziligawanyika tatu zikawa mifuko ya wanasiasa, zilifungwa mwisho wa mwaka 2000. Malipo yakahamia mabenki ya kawaida.

Kisha marka ya Ujerumani yenyewe ikafa, Ulaya ilipoanza kutumia noti za euro mwaka 2002. Watu wa Bosnia walikuwa na marka za Kijerumani chini ya magodoro na ndani ya kuta, na sasa ilibidi wazitoe wazibadilishe. Akiba katika mabenki ikafurika. Watu walioapa kwamba hawatakanyaga benki tena, wengi wao waliiacha humohumo. Tangu hapo euro 1 ni marka 1.95583 za Bosnia, na kiwango hicho hakijaguswa. Miaka sita ya katiba ilipita, na Bunge lililokuwa na haki ya kuubadili mpango halikuubadili. Mwaka 2008, misukosuko ya mabenki ya dunia ilipofika, watu walikimbilia madirishani tena, na marka haikuanguka. Jina la marka limekufa kwao Ujerumani, na laishi Bosnia.

Waislamu wa huko nao walipata jambo jingine. Mwaka 2000 Benki ya Maendeleo ya Kiislamu, pamoja na mabenki mawili ya Kiislamu ya Dubai na Abu Dhabi, ziliunda Bosna Bank International mjini Sarajevo, ili mtu aweke na kukopa pasipo riba. Sisi Kenya tulipata mabenki yetu ya kwanza ya namna hiyo mwaka 2008. Waliotutangulia walikuwa watu wa Ulaya waliotoka katika ukomunisti, jambo ambalo sidhani wengi wetu tulilijua.

KILICHOKOSA DAWA

Sasa niirudie ile nusu ya habari aliyoisahau mzee wetu. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki ilitunza shilingi, lakini mali iliyoitunza ilikaa London ikiwafaa wa London. Haikuwa na ruhusa ya kuitumia kumkopesha mtu wa hapa ajenge. Sarafu ilikuwa ngumu, na mbebaji mizigo bandarini alikuwa maskini vilevile. Kufunga mikono ya mwizi ni kufunga pia mikono ya mwenye kutaka kukusaidia.

Bosnia ilikuwa hivyohivyo. Marka ilisimama imara, na chini yake ile mali ya jamii, viwanda vilivyosimamiwa na mabaraza ya wafanyakazi, vikauzwa. Katika Shirikisho watu walipewa hati za kununulia hisa, badala ya akiba zao zilizofungwa na mishahara ya askari isiyolipwa. Mtu mwenye njaa hawezi kula hati. Wengi waliziuza mitaani kwa sehemu ndogo ya thamani iliyoandikwa juu yake, na wenye pesa na jamaa katika siasa wakazikusanya wakachukua viwanda. Kwa hiyo yule aliyepoteza akiba ya benki akapotezewa tena na kile alichopewa kufidia. Ni kweli kwamba mwaka 2006 nchi ilipitisha sheria ya kulipa sehemu ya akiba zile kidogokidogo, kwa dhamana za serikali. Na mwaka 2014 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamuru Slovenia na Serbia ziwalipe wenye akiba waliokuwa na pesa katika matawi ya mabenki yaliyotoka kwao. Lakini kutoka mwaka 1991 hadi 2014 ni miaka 23. Wangapi walikuwa hai kuipokea?

Mnamo Februari 2014 wafanyakazi wa viwanda vya Tuzla waliingia barabarani. Walikuwamo wa Dita, kiwanda cha sabuni, waliokuwa wakidai mishahara yao baada ya kiwanda kuuzwa na kudidimia. Maandamano yakaenea hadi Sarajevo na miji mingine, majengo ya serikali yakachomwa. Waliandamana wenye njaa, na kwa mara moja hakuna aliyeuliza nani Mserbia na nani Mwislamu. Mwaka uliofuata wafanyakazi wa Dita walikiwasha kiwanda chao wenyewe wakatoa sabuni, na watu wakainunua kwa kuwaunga mkono. Nadhani hapo yalionekana mabaki ya lile wazo zuri la zamani, kwamba kiwanda ni amana ya wanaokitolea jasho.

Na bei nazo? Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha mafuta na ngano, bei za Bosnia zilipanda kwa wastani wa asilimia 14. Marka haikuyumba hata kidogo, na mkate ukapanda. Sarafu ngumu hukulinda na mwizi wa nyumbani, haikulindi na soko la dunia.

Hesabu ya mwisho ni ya watu. Mwaka 1991 walihesabiwa 4,377,033. Mwaka 2013 walikuwa 3,531,159. Vita viliua na kufukuza wengi, lakini amani nayo imeendelea kuwapunguza, vijana wakifuata kazi Ujerumani na Austria, njia ileile waliyopita babu zao mwaka 1968.

Basi jibu langu kwa mzee wa barazani ni hili. Akiba huozeshwa na mkono usiozuiwa, na watu wa Bosnia walifanya vyema kuufunga mkono huo kwa sheria, hata kwa fedheha ya kumleta mgeni. Kiongozi yeyote wa nchi yoyote anayetaka kuaminiwa na aanze hapo. Lakini noti ni amana moja tu. Kiwanda ni amana, mshahara ni amana, ardhi ni amana, na hizo hazina bodi ya kuzifungia kabatini. Ukiitunza ya kwanza na kuziachia nyingine ziliwe, utakuwa na pesa nzuri mikononi mwa watu wachache.

Nilimwuliza yule haji wa Sarajevo, siku ile ya kuagana, kama sasa mambo kwao ni mazuri, maadamu pesa imetulia. Aliitazama noti iliyokuwa mkononi mwangu, akafikiri maneno yake ya Kiarabu kwa muda.

"Marka imetulia Bosnia, alhamdulillahi," alisema. "Mwanangu ndiye aliyekwenda Ujerumani."